Sharti la Kumi na Saba

Nililitia saini bila kulisoma,
foleni ikinisukuma mgongoni
na karani amekwisha sema "anayefuata".
Kurasa tisa, mhuri wa zambarau.
La kwanza: godoro ni mali ya chuo.
La nne: koili, hita, jiko la aina yoyote, marufuku.
La tisa: mgeni wa kiume mwisho saa mbili usiku,
kana kwamba mapenzi hayajui mchana.
La kumi na saba: kitanda kimoja, mwanafunzi mmoja.
Kulaza mwingine ni faini elfu hamsini
na kupoteza chumba.

Mwaka ule jina langu halikutoka.
Nilipitisha kidole kwenye herufi ya N mara tatu,
Nyamhanga, Nyoni, kisha gundi iliyotuna,
kisha herufi ya O.
Kokugonza, tuliyekutana kwenye vipimo vya afya
kila mmoja ameshika kikopo chake,
akaniambia: "Nitakubeba."

Kwetu Urambo anayebebwa ni mtoto,
ama mgonjwa.
Hapa Mabibo ni kitenzi cha kila siku:
nani kakubeba, unambeba nani,
yule wa ghorofa ya tatu kabeba wawili.
Nimeisoma orodha ya vitu vilivyokatazwa.
Mbeleko haimo.

Futi mbili na nusu.
Yeye kichwa dirishani, mimi kichwa mlangoni,
mzungu wa nne.
Nilizijua nyayo zake kabla sijamjua mwenyewe:
kovu la jembe kisigino cha kushoto,
rangi ya kucha iliyobanduka wiki ya mitihani.
Joto la Februari. Ukitaka kugeuka, unapiga hodi.
Mayai tulichemshia ndooni,
hita tuliilaza ndani ya buti la mvua.

Ukaguzi ulikuja saa tisa usiku.
Bibi Sechonge, mlezi wa bweni,
tochi, daftari, kanga mabegani,
funguo zake zikisikika tangu ngazi ya chini.
Muda wa kuingia uvunguni nilikuwa nao;
uvungu ndio haukuwa na nafasi,
masanduku ya watu sita.
Akamulika miguuni, akakuta uso wangu.
Akamulika upande wa pili, akakuta uso mwingine.
Akaandika.
Hakukasirika, na hilo ndilo liliniuma.
"Sharti sikulitunga mimi," alisema.
"Mimi nalibeba tu."
Kisha akauona waya ukichungulia butini,
akausukuma ndani kwa ncha ya kandambili,
akaenda kuhesabu chumba cha jirani.

Tulilipa nusu kwa nusu.
Bumu lilipotoka, stakabadhi ilikuwa imekwisha lila.
Kokugonza hakunyang'anywa chumba. Sijui kwa nini.
Sikuuliza: kuna maswali yanayoamsha ofisi.

Sasa ni mwaka wa tatu, jina langu liko ubaoni,
chumba namba mia mbili na kumi na nne.
Kurasa zimekuwa kumi na moja
na safari hii nimezisoma zote.
Nikiri: sharti la kumi na saba nalielewa.
Vyoo vinne, majina themanini,
na wasio na majina nao wanaoga.
Pampu inaijua idadi yetu kuliko mkuu wa mabweni,
ndiyo maana Jumatano hukohoa, ikanyamaza,
na sisi tukashuka na madumu, tukimlaani
mtu tusiyemjua.

Jana jioni amegonga binti wa mwaka wa kwanza,
Tupokigwe, ndoo mkono mmoja,
shangazi kaja mkono wa pili.
Wiki mbili tu, dada.
Wiki mbili. Hata mimi nilisema hivyo.

Sikumjibu. Niliinama kitandani nikapima:
shubiri nne kasoro vidole.
Chuo kimeongeza kurasa, upana ni uleule.

"Unakoroma?"
"Hapana."
"Na miguu yako?"

Akavua viatu palepale koridoni,
nione.